Shajara ya mradi: kuiweka kanzidata ya matawi nyuma ya handaki la SSH

10 Machi 2025. Hali tuliyoikuta

Chama cha akiba na mikopo tunachokihudumia kina ofisi kuu Morogoro mjini na matawi Kilosa, Mvomero na Ifakara. Taarifa zote za wanachama, kuanzia hisa na akiba hadi marejesho ya mikopo, zimo katika kanzidata moja ya PostgreSQL iliyo kwenye seva ya kukodi Dar es Salaam, na makeshia wa matawini hutumia programu ya dirishani inayozungumza na kanzidata hiyo moja kwa moja kupitia intaneti. Ili jambo hilo liwezekane, aliyejenga mfumo miaka ya nyuma aliiacha poti 5432, yaani mlango wa mtandao ambao PostgreSQL husikiliza, wazi kwa dunia nzima: katika faili ya pg_hba.conf upo mstari unaomruhusu mtu yeyote, kutoka anwani yoyote ya IP, kujaribu kuingia, mradi ana jina na nywila.

Kumbukumbu za seva zinaonyesha kwamba mwaliko huo umeitikiwa. Usiku na mchana kuna majaribio ya kuingia kwa majina kama postgres, admin na root kutoka anwani ambazo hakuna mtu wa chama anayezijua. Nywila ni moja kwa matawi yote, na imeandikwa ndani ya faili ya mipangilio ya kila kompyuta. Zaidi ya hayo, seva haikuwahi kuwashiwa TLS, yaani usimbaji wa mawasiliano. Kwa idhini ya uongozi tulinasa pakiti chache (vipande vya data vinavyosafiri) kwa programu ya tcpdump kwenye ruta ya ofisi kuu, na ndani yake tukasoma jina la mwanachama, namba yake ya uanachama na salio lake, yote yakiwa wazi kama yalivyo kwenye kioo cha keshia. Nywila yenyewe haisafiri wazi, kwa sababu PostgreSQL huichakata kabla ya kuituma, lakini kila kinachofuata baada ya kuingia husafiri bila kifuniko chochote.

Hili si suala la ufundi peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na taarifa za fedha za mkulima wa Kilombero aliyeweka akiba yake kwa kuuamini uongozi wa chama chake zinastahili ulinzi huo hata kama sheria isingekuwepo.

Lengo tulilokubaliana na uongozi ni hili: poti 5432 isionekane tena kwenye intaneti, kila kompyuta iwe na ufunguo wake yenyewe, na kila ufunguo uwe na uwezo wa kufanya jambo moja tu.

13 Machi 2025. Kwa nini SSH

Tumelinganisha njia mbili. Ya kwanza ni mtandao binafsi wa WireGuard, ambao ni mwepesi na imara, na tungeuchagua kama matawi yangehitaji huduma nyingi kutoka makao makuu. Yanachohitaji ni poti moja. Kuiunganisha kompyuta nzima ya tawi na mtandao wa ndani wa seva ili tu ifikie poti moja ni kutoa zaidi ya kilichoombwa. Ya pili ni SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa mawasiliano yaliyosimbwa, ambayo tayari ipo kwenye seva, tayari tunaitumia kwa usimamizi, na tayari imo katika kompyuta za matawini zinazotumia Ubuntu pamoja na ya mhasibu inayotumia Windows 10.

SSH yenyewe ilizaliwa kutokana na tatizo linalofanana na letu. Mwaka 1995 Tatu Ylönen, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, aliandika toleo la kwanza baada ya nywila kunaswa zikipita kwenye mtandao wa chuo, kwa kuwa telnet na rlogin, programu za zamani za kuingia kwenye kompyuta za mbali, zilipitisha kila kitu wazi. OpenSSH, tunayoitumia leo, ilitoka Desemba 1999 pamoja na mfumo endeshi wa OpenBSD 2.6. Itifaki ilichapishwa rasmi Januari 2006 katika hati za viwango vya intaneti, RFC 4251 hadi 4254, na hiyo ya mwisho ndiyo inayoeleza jinsi muunganisho wa poti nyingine unavyopitishwa ndani ya kikao cha SSH.

Inafaa kueleza utaratibu huo kwa kuwa maamuzi yetu mengi yanatokana nao. Kikao cha SSH ni muunganisho mmoja wa TCP kwenye poti 22, na ndani yake zinaweza kufunguliwa njia nyingi ndogo. Programu ya keshia inapounganisha kwenye poti ya kompyuta yake mwenyewe, mteja wa SSH hupokea, huomba njia mpya kwa seva, na seva ya SSH ndiyo inayopiga hodi kwenye kanzidata kwa niaba yake. Mpangilio huo ndio tunaouita handaki. Kwa maneno mengine, kanzidata haimwoni keshia wa Kilosa; inaiona seva ya SSH iliyo jirani yake. Sentensi hiyo imetuletea faida kubwa na maswali kadhaa, kama yatakavyoonekana mbele.

18 Machi 2025. Funguo

Kila kompyuta imetengenezewa ufunguo (jozi ya faili mbili, ya siri na ya umma) wa aina ya Ed25519, aina ambayo OpenSSH imekuwa nayo tangu toleo 6.5 la mwaka 2014:

ssh-keygen -t ed25519 -C "kilosa-dirisha-1"

Ufunguo wa siri ulizaliwa kwenye kompyuta hiyo na haujatoka hapo. Kilichotumwa Morogoro ni ufunguo wa umma pekee, na huo hata ukisomwa na watu wengine hauna madhara. Tuliwasisitizia mameneja wa matawi jambo hili kwa sababu desturi ya kutumiana kila kitu kwa WhatsApp imeenea, na faili mbili zenye majina yanayofanana ni rahisi kuzichanganya: yenye .pub mwishoni hutumwa, isiyo nayo haitumwi kwa mtu yeyote, hata kwetu sisi.

Kompyuta za madirishani zinatakiwa kufungua handaki zenyewe mara tu umeme unaporudi, bila mtu wa kuandika neno la siri, kwa hiyo funguo zake hazina neno la siri. Kompyuta ya mhasibu ni tofauti. Ufunguo wake una neno la siri, kwa kuwa anasafiri nayo. Udhaifu wa funguo za madirishani tumeufidia upande wa seva, na hapa ndipo sehemu kubwa ya kazi ilipo.

Tumefungua akaunti moja kwa kila tawi, zote zikiwa katika kundi linaloitwa handaki, na katika authorized_keys, faili ya seva inayoorodhesha funguo zinazokubaliwa, ufunguo wa kila kompyuta umeandikwa hivi:

restrict,port-forwarding,permitopen="127.0.0.1:5432",command="/usr/sbin/nologin" ssh-ed25519 AAAA... kilosa-dirisha-1

Neno restrict hufunga ruhusa zote za ziada, port-forwarding hufungua upitishaji wa poti pekee, na permitopen hubana upitishaji huo usifike popote isipokuwa kwenye kanzidata. Ni muhimu kufahamu kwamba restrict peke yake haimzuii mwenye ufunguo kuendesha amri kwenye seva. Inamnyima dirisha la kuandikia tu. Ndiyo sababu ya command mwishoni. Vivyo hivyo, port-forwarding hufungua pia upitishaji wa kinyume, kutoka seva kwenda tawini, na huo tumeuzuia katika sshd_config, faili ya mipangilio ya seva ya SSH:

Match Group handaki
    AllowTcpForwarding local
    PermitOpen 127.0.0.1:5432
    PermitTTY no
    X11Forwarding no
    PasswordAuthentication no
    ForceCommand /usr/sbin/nologin

Mtu anaweza kuuliza kwa nini makatazo yaleyale yameandikwa sehemu mbili. Jibu letu ni kwamba faili ya authorized_keys itaguswa mara nyingi, kila kompyuta inapoongezwa au kuondolewa, na siku moja mtu atabandika ufunguo mtupu bila vizuizi. Siku hiyo sshd_config itaendelea kuushikilia.

25 Machi 2025. Handaki la kwanza

Tumeanza na Kilosa. Amri ni fupi:

ssh -N -L 5433:127.0.0.1:5432 kilosa@lango

Namba ya kwanza, 5433, ni poti ya kompyuta ya keshia. Anwani inayofuata, 127.0.0.1, ndiyo inayowachanganya wengi, kwa sababu haimaanishi kompyuta ya keshia bali seva yenyewe: inasomwa kwa macho ya seva ya SSH, baada ya mawasiliano kufika upande wa pili. Alama ya -N inasema kwamba hatuhitaji kuendesha amri yoyote, tunataka njia tu. Kwa kawaida poti 5433 husikiliza ndani ya kompyuta hiyo peke yake, hivyo simu ya mtu iliyounganishwa kwenye WiFi ya tawi haiwezi kuitumia, na hatuna nia ya kulegeza hilo.

Jaribio la kwanza la programu ya dirishani lilikataliwa, na seva ikaandika kwamba kufungua njia hiyo kumepigwa marufuku na msimamizi. Sababu ni kwamba mipangilio ya awali ya kompyuta hiyo iliomba localhost:5432, nasi tumeruhusu 127.0.0.1:5432. Kwa mwanadamu ni mahali pamoja. Kwa permitopen ni maandishi mawili tofauti, kwani hailinganishi maana, inalinganisha herufi kwa herufi. Tumeamua kutumia 127.0.0.1 kila mahali, uamuzi ambao pia unaondoa utata wa localhost kutafsiriwa kuwa ::1, anwani inayolingana na 127.0.0.1 kwenye mifumo yenye IPv6.

Kabla ya muunganisho wa kwanza wa kila tawi tunaweka utambulisho wa seva katika known_hosts, faili ya seva zinazojulikana, ya kompyuta husika na kuwasha StrictHostKeyChecking yes, ili seva isiyotambulika ikataliwe. Alama ya kidole ya ufunguo wa seva, yaani muhtasari mfupi wa kuutambulisha, tumeisoma kwenye seva yenyewe kwa ssh-keygen -lf, kisha ikalinganishwa tawini kwa simu, herufi moja baada ya nyingine. Kazi hiyo inachosha, lakini keshia anayezoeshwa kujibu "yes" bila kusoma hana kinga dhidi ya seva ya uongo itakayokaa katikati.

27 Machi 2025. Kanzidata inamwona nani?

Kwa kuwa seva ya SSH ndiyo inayogonga mlango, pg_stat_activity, orodha ya miunganisho ya PostgreSQL, sasa inaonyesha kila muunganisho ukitoka 127.0.0.1. Mambo mawili yanafuata.

La kwanza ni la hatari. Seva nyingi zina mstari wa pg_hba.conf unaowaamini wote wanaotoka 127.0.0.1 bila nywila, kwa hoja kwamba aliye ndani ni mwenyeji. Handaki linageuza wageni wote kuwa wenyeji, na mstari wa aina hiyo ukibaki, ufunguo mmoja ulioibwa unampa mwizi kanzidata nzima. Tumeubadilisha:

host  all  all  127.0.0.1/32  scram-sha-256

Nywila za zamani zilikuwa zimehifadhiwa kwa md5, mtindo wa zamani wa kuchakata nywila, kwa hiyo ilibidi kila moja iwekwe upya ili iandikwe kwa mtindo wa scram, unaopatikana tangu PostgreSQL 10.

La pili ni la uwajibikaji. Ile nywila moja ya matawi yote imefutwa. Kila tawi lina mtumiaji wake wa kanzidata mwenye haki za jedwali anazohitaji tu, na programu ya dirishani inajitambulisha kwa application_name yenye jina la kompyuta. Mkaguzi akiuliza muamala fulani uliingizwa kutoka wapi, jibu lipo, ingawa anwani ya IP haitamsaidia.

Swali la TLS nalo limejitokeza: je, bado tuiwashe? Handaki husimba mawasiliano kati ya mteja wa SSH na seva ya SSH, na hukoma hapo. Kwetu kanzidata iko kwenye mashine ileile, kwa hiyo kipande kinachobaki hakitoki nje ya mashine. Endapo kanzidata itahamishiwa mashine ya pili, kipande hicho kitakuwa wazi na TLS itakuwa ya lazima. Tumeliandika katika nyaraka za mfumo kwa maandishi yanayoonekana.

2 Aprili 2025. Ifakara na muunganisho unaokufa kimya

Tawi la Ifakara linatumia modemu ya mtandao wa simu. Handaki lilifunguka vizuri asubuhi, na saa nane mchana meneja alipiga simu: "Mwanangu, dirisha limeganda, na wanachama wako kwenye foleni." Nilimwamkia, nikamwomba asiizime kompyuta.

Kwenye kompyuta ya keshia amri ya ss, inayoorodhesha miunganisho, ilionyesha kikao cha SSH kikiwa hai. Kwenye seva kikao hicho hakikuwepo. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, na kifaa kinachofanya kazi hiyo hukumbuka kila muunganisho kwa muda fulani tu. Tawi likitulia wakati wa chakula cha mchana, kumbukumbu hufutwa bila kumwarifu yeyote. Upande wa tawi hubaki ukiamini kwamba njia ipo.

Dawa ni kumfanya mteja wa SSH aulize hali ya upande wa pili mara kwa mara, na akikosa jibu afe kwa uwazi ili afufuliwe. Mipangilio iliyowekwa ni hii:

ServerAliveInterval 30
ServerAliveCountMax 3
ExitOnForwardFailure yes

Kwa hesabu hiyo, muunganisho uliokufa hugunduliwa baada ya sekunde 90 hivi. Mstari wa tatu una uzito kuliko unavyoonekana: bila huo, SSH ikishindwa kuikamata poti 5433, kwa mfano kwa sababu kikao cha zamani bado kimeishikilia, yenyewe huendelea kuishi ikiwa haina faida, na systemd, msimamizi wa huduma za Linux, huiona nzima. Handaki sasa ni huduma ya systemd yenye Restart=always na RestartSec=10. Upande wa seva tumeweka ClientAliveInterval ili vikao vya mizimu visirundikane. Keshia wa Ifakara amepewa taa ndogo kwenye programu yake inayoonyesha kama poti ya handaki inajibu, ili atofautishe njia iliyokatika na nywila iliyokosewa kabla hajapiga simu.

7 Aprili 2025. Kufunga poti

Leo ni Siku ya Karume na matawi yamefungwa, nafasi tuliyoisubiri. Nakala rudufu imechukuliwa na kurejeshwa kwenye mashine ya majaribio, kwani nakala ambayo haijawahi kurejeshwa haijulikani kama ni nzima. Kisha listen_addresses, mpangilio wa anwani ambazo PostgreSQL husikiliza, imebadilishwa kuwa 'localhost', na PostgreSQL ikazimwa na kuwashwa upya, kwa kuwa badiliko hilo halishiki kwa kusoma mipangilio upya tu. Mstari wa pg_hba.conf ulioruhusu dunia nzima umefutwa, na faiwoli imefungwa kwa poti 5432.

Uhakiki umefanywa kutoka nje kwa nmap, programu ya kuchunguza poti zilizo wazi, kupitia simu isiyo na uhusiano na mtandao wa ofisi, na kutoka ndani kwa ss -ltn, ambayo inaonyesha kanzidata ikisikiliza kwenye anwani za ndani pekee. Majaribio ya wageni kwenye kumbukumbu za PostgreSQL yamekoma kabisa. Yameongezeka kwenye poti 22, kama tulivyotarajia, lakini huko hakuna nywila ya kukisia.

15 Aprili 2025. Mlango uliobaki

Usalama wa chama sasa unategemea sana programu moja, OpenSSH, na uongozi ulikuwa na haki ya kuuliza kama programu hiyo inaaminika. Tumewajibu kwa mifano miwili ya mwaka 2024. Mnamo 29 Machi Andres Freund, ambaye ni mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL, alitangaza kwamba maktaba ya xz, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, ilikuwa imepandikizwa mlango wa siri uliolenga sshd, programu ya seva ya SSH. Aliushuku baada ya kuona kuingia kwa SSH kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Tarehe 1 Julai ukatangazwa udhaifu wa CVE-2024-6387, ulioathiri OpenSSH kuanzia 8.5p1 hadi 9.7p1 kwenye Linux na kurekebishwa katika 9.8p1.

Hatukuwaeleza haya ili kuwatisha. Tuliomba, na tumepata, mambo mawili: masasisho ya usalama ya seva yajiendeshe yenyewe kila siku, na poti 22 ikubali ofisi kuu na mhasibu kwa anwani zinazojulikana pale inapowezekana. Kwa matawi yenye modemu haiwezekani, kwa kuwa anwani hubadilika.

Wiki hii pia keshia mmoja wa Mvomero amehamia kazi nyingine. Mstari wa ufunguo wa kompyuta aliyokuwa akiitumia umeondolewa, kikao kilichokuwa wazi kimekatwa kwa mkono, kwa sababu kuondoa ufunguo hakukati kikao kilichokwisha kufunguliwa, na kompyuta ikatengenezewa ufunguo mpya. Matawi mengine hayakuguswa. Zamani kuondoka kwa mtu mmoja kungelazimu kubadilisha nywila Kilosa, Mvomero, Ifakara na Morogoro kwa siku moja, na ndiyo maana haikuwahi kubadilishwa.

24 Aprili 2025. Kinachoendelea

Uongozi umeuliza kama tunaweza kuzihudumia kompyuta za matawini bila kusafiri. Njia ipo: upitishaji wa kinyume, kwa -R, ambao huiwezesha kompyuta iliyo nyuma ya mtandao wa simu kufungua poti kwenye seva ili fundi aingie kupitia hapo. Hatutaiacha wazi muda wote. Itakuwa na akaunti yake nje ya kundi la handaki, itabanwa kwa permitlisten, kizuizi cha poti inazoweza kufungua kwenye seva, kwenye poti moja ya 127.0.0.1, na meneja wa tawi ndiye atakayeiwasha anapohitaji msaada na kuizima tunapomaliza. Jaribio litafanyika Mvomero baada ya kufunga mahesabu ya mwezi.

Rejista ya funguo, inayoonyesha kompyuta, tawi, tarehe ya kutengenezwa na aliyeidhinisha, iko kwa mhasibu mkuu na nakala yake iko kwa kamati ya usimamizi. Kamati imekubali kuipitia kila robo mwaka na kulinganisha kila mstari wa rejista na kila mstari wa authorized_keys.